Nyongo Ikitoka Mahali Pake

Ukitaka kuielewa nyongo, usianzie kwenye ini. Anzia maabara ya bakteria, kwenye rafu ya vitendanishi, kwenye kichupa kilichoandikwa sodiamu deoksikoleti. Ndani mna unga mweupe ambao ni chumvi ya mojawapo ya asidi za nyongo. Sisi tunaofanya kazi maabara tunautumia kumtambua bakteria wa nimonia, Streptococcus pneumoniae. Unachota bakteria walioota kwenye sahani, unawakoroga kwenye maji ya chumvi mpaka yawe na ukungu, kisha unayagawa kwenye mirija miwili. Mmoja unautilia deoksikoleti, wa pili unauacha hivyo hivyo, na yote unaiweka kwenye joto la nyuzi 37. Kama ni yeye, baada ya dakika chache mrija wenye deoksikoleti unatakata, ukungu wote umekwisha. Bakteria wamepasuka. Ndugu zake wanaoishi kinywani, ambao kwa darubini ni vigumu kuwatofautisha naye, wanabaki wazima. Mjerumani Fred Neufeld ndiye aliyeliona jambo hili mwaka 1900, akitumia nyongo yenyewe, na zaidi ya miaka mia baadaye bado kipimo kinafanywa vilevile, hapa Dodoma kama kwingineko.

Chuoni tulifundishwa kwamba nyongo ni kama sabuni: inayeyusha mafuta ya utando, bakteria anamwagika, basi. Ni maelezo mazuri na yanatosha kufaulu mtihani. Lakini hayasemi kwa nini wale ndugu hawafi, na wao pia wana utando wa mafuta. Ukweli ni kwamba nyumokokasi, jina jingine la huyo bakteria wa nimonia, ana kimeng'enya chake mwenyewe, LytA, chenye uwezo wa kukata ukuta wa seli yake. Siku za kawaida kinadhibitiwa. Nyongo ikiugusa utando, udhibiti unaondoka na kimeng'enya kinakata bila kipimo. Bakteria anajipasua kwa zana zake mwenyewe. Wale wa aina hiyohiyo waliopoteza LytA, unawatilia deoksikoleti na wanakutazama tu.

Upande wa pili yupo E. coli. Hospitali inayootesha mkojo haikosi aga ya MacConkey, chakula cha kuoteshea bakteria, ile ya rangi nyekundu iliyofifia, na ndani yake mna chumvi za nyongo zilizowekwa makusudi kuwazuia bakteria wa gramu chanya, wale wasio na utando wa nje. E. coli anaota humo kwa raha zake. Anaishi utumboni, nyongo inampitia kila siku, na amejiandaa: ana utando wa nje wenye molekuli nzito za mafuta na sukari zinazoikataa nyongo, na ana pampu za kuitoa ile kidogo inayopenya.

Nimewaleta bakteria hawa kwanza kwa sababu mambo hayohayo, yaani aina ya utando, pampu, na zana ambazo seli inaweza kujiulia, ndiyo yanayoamua kama seli ya ini itaishi au itakufa. Na kwa sababu nimechoka kusikia watu, wengine wakiwa wamevaa makoti meupe, wakisema nyongo ni sumu na ikizidi mwilini inaua ini. Wingi wake unakwambia kidogo sana. Kinachoamua ni mahali ilipo.

Turudi kwenye kiwanda chenyewe. Ini linatengeneza asidi za nyongo kutokana na kolesteroli. Kwa binadamu zinazotoka moja kwa moja kwenye ini ni mbili, koliki na kenodeoksikoliki, na kabla ya kuzitoa ini huzifunga na glisini au taurini ili ziyeyuke vizuri kwenye maji na zisipenye tando ovyo. Zikifika utumboni bakteria wanazifungua na kuzigeuza: koliki inakuwa deoksikoliki, ile ya kichupa chetu, na kenodeoksikoliki inakuwa litokoliki. Mwili ni bahili sana na kitu hiki. Karibu asilimia 95 hunyonywa tena, hasa mwishoni mwa utumbo mwembamba, hurudi kwa damu hadi kwenye ini, na ini huzidaka na kuzisukuma upya. Akiba yote ya mtu mzima ni gramu 2 hadi 4 hivi, inayozunguka mara kadhaa kwa siku. Kinachopotea chooni ni kama nusu gramu, na ini linatengeneza nusu gramu nyingine kufidia. Mafuta yote ya nyama ya mbuzi unayokula mnadani yanashughulikiwa na gramu hizo chache.

Molekuli yenyewe ni bapa. Uso mmoja unapenda maji, uso wa pili unapenda mafuta. Kujua umbo hilo kulichukua miaka. Heinrich Wieland, Mjerumani mwingine, alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1927 kwa kazi yake juu ya asidi za nyongo, na mwaka 1932 ikaonekana kwamba muundo wa pete aliopendekeza haukuwa sawa, ukarekebishwa. Tuzo hawakumnyang'anya. Zikiwa chache majini, molekuli hizi hutembea moja moja. Zikifikia kiwango fulani, ambacho ni milimoli chache kwa lita, hukusanyika makundi madogo yaitwayo misela, nyuso za mafuta zikiangalia ndani. Hapo ndipo zinapopata nguvu ya kung'oa mafuta kwenye utando wowote zinaokutana nao. Nguvu hiyo imepata hata soko la urembo: mwaka 2015 Marekani iliidhinisha sindano ya asidi deoksikoliki ya kuyeyusha mafuta chini ya kidevu, na inafanya hivyo kwa kupasua seli za mafuta.

Aliyewahi kuchinja mbuzi hahitaji kuambiwa haya. Mfuko wa nyongo unaondolewa kwa tahadhari, na mkono ukiteleza ukapasuka juu ya ini, pale ilipomwagikia panageuka kijani na uchungu hautoki kwa kuosha. (Anayefuga punda, na Dodoma wapo tele wakivuta maji, hana hofu hiyo. Punda hana mfuko wa nyongo. Nyongo yake inatiririka moja kwa moja kutoka kwenye ini hadi utumboni, na hajawahi kulalamika.)

Sasa fikiria hesabu hii. Kwenye damu ya mtu mzima asiye na shida, asidi za nyongo ziko chini ya mikromoli 10 kwa lita. Kwenye nyongo yenyewe zinahesabiwa kwa milimoli, yaani maelfu ya mikromoli. Kati ya pande hizo mbili kuna seli moja tu ya ini: upande mmoja inagusa damu, upande mwingine inagusa kimfereji chembamba sana ambamo nyongo inaanzia. Utando wa upande ule wa kimfereji unaoga kila sekunde kwenye kitu kinachoweza kuuyeyusha, na hauyeyuki.

Una mbinu kadhaa. Mafuta yake yamepangwa kwa kubanana, yenye sfingomielini na kolesteroli kwa wingi, na mpangilio huo nyongo inaupenya kwa shida. Kuna protini iitwayo FIC1 inayohakikisha kila aina ya mafuta inabaki upande wake wa utando, ya nje nje, ya ndani ndani. Kuna BSEP, pampu inayokula nishati kuzisukuma asidi za nyongo kutoka ndani ya seli kwenda kwenye kimfereji, bila kujali kwamba huko tayari zimejaa. Halafu kuna MDR3, ambayo kwangu ndiyo ya ajabu kuliko zote. Kazi yake ni kutoa fosfatidilikolini, mafuta ya kawaida ya utando, na kuyaacha yachukuliwe na nyongo. Ini linailisha nyongo mafuta kwa hiari. Asidi zinaungana na mafuta hayo zikatengeneza misela mchanganyiko, zinashiba, na hazina haja ya kula ukuta wa mfereji.

Mwaka 1993 watafiti wa Uholanzi walizalisha panya wasio na protini hiyo ya kutoa fosfatidilikolini. Nyongo yao ilikuwa na asidi zake bila mafuta ya kuzituliza, na ini likaharibika kuanzia kwenye mifereji. Kuna watoto wanaozaliwa na kasoro hiyohiyo ya MDR3. Kuna wengine ambao kasoro yao ni ya BSEP, na wengine ya FIC1. Wote wanaishia kwenye ini linaloumwa na nyongo ya ini lenyewe, kila mmoja kwa njia yake, na kasoro ni ya jeni moja tu.

Mama yangu mkubwa alikuja kutoka Kongwa akiwa na macho ya manjano. Alikuwa akikuna mikono usiku kwa gunzi la mahindi mpaka ngozi imechubuka, mkojo mzito, choo kimepauka. Alikuwa ameshakunywa chupa nzima ya dawa ya kusafisha nyongo aliyoinunua mnadani kwa kijana mwenye kipaza sauti. Ultrasaundi ilionyesha mifereji imetanuka, na jiwe lilikuwa limekaa kwenye mfereji mkuu.

Kabla ya upasuaji aliniita pembeni ya kitanda. "Mwanangu, wewe si uko maabara? Daktari amesema nyongo imerudi mpaka kwenye damu. Sasa hii damu si ndiyo inaniua?"

Nilimwambia, hapana mama, kwenye damu haikuui. Akanikazia macho yale ya manjano, mtu aliyezoea kudanganywa na vijana. Basi nieleze hapa kile ambacho pale wodini nisingeweza kukimaliza.

Kwanza manjano. Rangi ile haitokani na asidi za nyongo. Ni bilirubini, mabaki ya chembe nyekundu za damu zilizozeeka, ambayo husafiri ndani ya nyongo kama abiria tu. Mfereji ukiziba, vyote viwili vinarudi nyuma. Bilirubini inaonekana kwa macho, ndiyo maana inapata lawama zote. Asidi za nyongo hazina rangi, na ndizo zenye uwezo wa kupasua.

Pili, damu. Seli ya ini inazivuta asidi za nyongo kutoka kwenye damu kwa kutumia protini iitwayo NTCP. Wengi hapa kwetu wana sababu nyingine ya kulijua jina hilo, au wangepaswa kulijua: mwaka 2012 watafiti wa Beijing waligundua kwamba virusi vya homa ya ini B huingia kwenye seli ya ini kwa kushika NTCP hiyohiyo. Sasa, mwaka 2015 ilielezwa habari ya mtoto aliyezaliwa na NTCP isiyofanya kazi. Asidi za nyongo kwenye damu yake zilikuwa zaidi ya mara mia ya kawaida. Kwa hesabu ya yule kijana wa mnadani, ini lake lingekuwa limekwisha. Hakuwa na manjano, hakuwa anawashwa, na vipimo vya ini havikuonyesha ugonjwa wa ini wa kueleweka. Baadaye ikaja bulevirtaidi, dawa iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2020 kwa homa ya ini D. Inafanya kazi kwa kuiziba NTCP, asidi za nyongo zinapanda kwenye damu ya mgonjwa, na ini halifi kwa sababu hiyo.

Nyongo iliyo kwenye damu, ikizuiwa kuingia kwenye seli, hailidhuru ini. Madhara yanaanza ikiwa ndani ya seli na njia ya kutokea imefungwa.

Na hapo ndipo ubishi wa wataalamu ulipo, ubishi ambao nauona ni mtamu kuliko majibu mengi ya vitabuni. Kwa miaka mingi maelezo yalikuwa haya: asidi zinazopenda mafuta, hasa kenodeoksikoliki iliyofungwa na glisini, zikijaa ndani ya seli zinawasha vipokezi vya kifo kwenye utando wake, kimojawapo kikiitwa Fas. Hazihitaji kufikia kiwango cha kuyeyusha chochote. Zinajipachika kwenye safu ya mafuta, zinavuruga mpangilio wake, vipokezi vinasogeleana na kuwashana vyenyewe. Zikifika kwenye mitokondria, mitambo ya nishati ya seli, ambazo nazo zina tando, zinazifanya zivuje, protini iitwayo saitokromu c inatoka, na vimeng'enya vya kaspasi vinaanza kuikata seli kwa utaratibu kutoka ndani. Kifo hicho cha utaratibu kinaitwa apoptosisi. Unaona LytA imerudi kwa jina jingine: nyongo inagusa utando, halafu seli inajimaliza kwa zana zake.

Maelezo hayo yalitokana zaidi na seli za panya wakubwa wa maabara zilizokuzwa kwenye sahani. Ukizitilia asidi hiyo kwa mikromoli 50 au 100 zinakufa kwa apoptosisi, picha zinapendeza, makala zinachapishwa. Watafiti walipochukua seli za ini la binadamu, zikagoma. Zilivumilia viwango hivyo, na zilipokuja kufa ilikuwa kwa viwango vikubwa zaidi, vya kuelekea vile vya ndani ya mifereji ya nyongo, na hazikufa kwa utaratibu. Zilivimba zikapasuka, kifo kinachoitwa nekrosisi. Damu ya wagonjwa waliozibwa mifereji ilishuhudia hivyohivyo. Kuna protini ya kiunzi cha seli, keratini 18. Seli ikifa kwa apoptosisi, kaspasi huikata kabla haijatoka. Ikipasuka, protini inamwagika nzima. Kwa wagonjwa hao iliyomwagika nzima ndiyo iliyozidi kwa mbali.

Panya wa nyumbani naye, ambaye ndiye anayefungwa mfereji maabara kila siku kwa ajili ya utafiti huu, ana nyongo tofauti na yetu. Asidi zake zinapenda maji zaidi, amezifunga na taurini, na ana asidi murikoliki ambazo sisi karibu hatuna. Nyongo yake ni pole. Kuchukua nyongo pole ya panya, ukazungumzia ini la mama wa Kongwa, kunahitaji tahadhari ambayo makala nyingi hazikuwa nayo. Nasema hivi nikiwa mtu wa sahani na mirija: sahani ni shahidi mzuri kwa swali uliloiuliza, na siyo zaidi ya hapo.

Hata hivyo panya hakuwa wa kutupwa. Mwaka 2019 watafiti waliokuwa wakiongozwa kutoka Ujerumani walitazama ini la panya hai kwa darubini, mfereji ukiwa umefungwa, nyongo ikiwa imetiwa rangi inayong'aa. Walichokiona kilikuwa cha utando moja kwa moja. Shinikizo na ukolezi vinapanda kwenye kimfereji, kisha kwenye seli moja utando wa upande wa kimfereji unachanika. Nyongo yenye ukali wa milimoli inarudi ndani ya seli iliyoitoa. Seli inakufa, jirani zake wanafuata, na nyongo inapata njia ya mkato kuelekea kwenye damu. Madoa ya seli zilizokufa kwa namna hiyo yalikuwa yakijulikana siku nyingi kwenye vipande vya ini chini ya darubini, lakini hakuna aliyekuwa ameona yanavyoanza.

Uchochezi, yaani kinga ya mwili kuivamia sehemu iliyoumia, nao una sehemu yake. Mwaka 2017 kundi la Chuo Kikuu cha Yale lilionyesha kwamba seli za ini zikijaa asidi za nyongo kwa kiwango cha ugonjwa, kabla ya kufa zinatoa kemikali za kuita seli nyeupe za damu. Neutrofili, aina mojawapo ya seli hizo, zinafika, zinafanya kazi zinayoijua, na uharibifu unazidi. Kwa maoni yangu hizi si hadithi zinazoshindana. Kimfereji kinachanika hapa, uchochezi unakula pale, na ini ni kubwa kiasi cha kuyabeba yote kwa wakati mmoja.

Sasa dawa ya mnadani. Nyingi ya hizo chupa zinaharisha, na mtu akiharisha kijani anaamini nyongo mbaya imetoka. Hizo ni hasara za fedha tu. Ubaya upo kwa ile ambayo kweli inalisukuma ini litoe nyongo zaidi. Mfereji umezibwa na jiwe, wewe unaongeza shinikizo nyuma yake. Mama mkubwa alikunywa kwa muda wote ambao angekuwa hospitali. Upasuaji ulienda vizuri. Walimchoma kwanza vitamini K, kwa sababu nyongo isipofika utumboni vitamini hiyo hainyonywi na damu inashindwa kuganda, na siku jiwe lilipotoka kuwashwa kulianza kupungua. Mfuko wa nyongo waliutoa. Anaishi bila huo, kama punda, na nilipomwambia mfano huo alicheka kuliko nilivyotarajia.

Huku kwetu ini likitajwa, wengi wanakumbuka mwaka 2016. Kati ya Mei na Novemba watu wa Dodoma na Manyara, wakiwemo wa Chemba, Kondoa na Kiteto, waliugua kwa manjano, kutapika na maumivu ya tumbo baada ya kula mahindi yenye sumukuvu ya aflatoksini. Waliorekodiwa kuugua walikuwa 68, na 20 walifariki. Macho yalikuwa ya manjano vilevile, lakini mambo yalianzia upande wa pili. Aflatoksini B1 hugeuzwa na vimeng'enya vya ini lenyewe kuwa kitu kinachong'ang'ania DNA na protini za seli. Seli zinakufa kwanza, ndipo nyongo inakosa wa kuisukuma. Kwa mama mkubwa nyongo ilikwama kwanza. Kwa macho matupu huwezi kutofautisha, na mtu anayeuza dawa moja kwa kila mwenye manjano anauza kamari.

Kuna asidi moja ya nyongo inayotumika kutibu. Ursodeoksikoliki inapatikana kwa wingi kwenye nyongo ya dubu. Kwetu binadamu ni kidogo sana. Inapenda maji kuliko zetu. Mgonjwa akiimeza kila siku inachukua nafasi kubwa kwenye ile akiba ya gramu chache, zile kali zinapungua uwiano, ini linachochewa kutoa nyongo, na tando za mitokondria zinapata nafuu. Inasaidia magonjwa fulani ya mifereji midogo. Jiwe kubwa kwenye mfereji mkuu haliondoi. Nayo rifampisini, dawa ya kifua kikuu ambayo kila zahanati inaijua, inaweza kuibana BSEP, na hiyo ni sababu mojawapo ya kufuatilia ini la anayeitumia. Dawa hiyohiyo madaktari huitumia, kwa uangalifu, kupunguza kuwashwa kwa wagonjwa wa nyongo iliyokwama, kwa kuwa inaamsha njia nyingine za ini za kubadili na kutoa uchafu. Mtu akikuuliza kama rifampisini ni nzuri au mbaya kwa nyongo, mwambie akae chini kwanza.

Limebaki la wajawazito, nalo ndilo ningependa lisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp badala ya juisi za kusafisha ini. Mimba ikiwa kubwa, baadhi ya wanawake hupata hali ya nyongo kusuasua. Mama anawashwa, mara nyingi viganja na nyayo, usiku zaidi, bila upele. Anaambiwa ni ngozi inavutika, apake mafuta. Ini lake kwa kawaida linapona baada ya kujifungua. Aliye hatarini ni mtoto, kwa sababu asidi za nyongo zinavuka kondo la nyuma na zinafikiriwa kuvuruga mapigo ya moyo wake. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, wa wanawake zaidi ya 5,000 wenye hali hiyo, ulionyesha kwamba asidi za nyongo za mama zikiwa chini ya mikromoli 40 kwa lita, waliofiwa na mtoto tumboni walikuwa asilimia 0.13. Zikifikia 100 au zaidi, walikuwa asilimia 3.44. Damu ya mama inayostahimili kiwango hicho ndiyo inayompelekea mtoto. Kwa hiyo mjamzito anayewashwa hivyo aende kliniki aseme wazi kwamba anawashwa, aombe kupimwa ini na asidi za nyongo, na kipimo kikifikia 100 madaktari huzungumza naye kuhusu kumzalisha mapema, kwenye wiki ya 35 au 36, bila kungoja uchungu uje wenyewe.